Kwa mnaopanga ranchi ya wageni Marekani kwa mara ya kwanza: someni hapa kabla hamjalipa

Mwana Pangani (mleta uzi):

Wakuu, salaam zenu.

Tangu niweke ile picha nimekaa juu ya farasi na kofia pana kichwani, inboksi yangu haipumui. Nusu wananitania, nusu wanauliza bei. Naandika mara moja, wote tumalizane hapa.

Kwa wasiojua: magharibi mwa Marekani, huko Wyoming, Montana, Colorado, Arizona, kuna ranchi za ng'ombe na farasi zinazopokea wageni. Unalipa, unalala kwao wiki nzima, unakabidhiwa farasi, mnakula meza moja, usiku mnaota moto. Wenyewe wanaziita dude ranch. Neno dude zamani lilikuwa mtu wa mjini aliyejipara, mikono laini, anakuja shambani na viatu vinavyong'aa. Kwa Kiswahili cha leo ni sharobaro. Kwa hiyo hiyo ni ranchi ya masharobaro, na sharobaro ni wewe uliyelipa. Ukilikubali hilo ukiwa bado nyumbani, safari inakuwa nyepesi. Mimi sikulikubali, ndiyo maana leo nina uzi.

Tunaishi Minnesota: mimi, mama watoto, binti wa miaka 11 na kijana wa miaka 5. Tulikwenda Julai iliyopita, Wyoming, kwenye milima ya Bighorn. Jina la ranchi siweki, sijaja kutangaza biashara ya mtu.

Kosa langu nililifanya mwezi Novemba, miezi minane kabla ya safari, nikiwa nimejinyoosha kwenye kochi. Ukishalipa malipo ya awali wanakutumia fomu. Wanataka umri, urefu, uzito na uzoefu wako wa farasi: hujawahi kabisa, unaanza, wa kati, au mzoefu. Mimi nimekulia Pangani, nimebebesha punda nazi tangu niko darasa la pili. Nikajiambia, farasi ni punda aliyesoma. Nikatia alama kwenye "wa kati".

Alfajiri ya Jumatatu tuliamshwa na kishindo. Nilidhani mvua ya mawe. Kumbe farasi karibu tisini wanashushwa kutoka malisho ya usiku, vumbi limewafunika mpaka tumboni, makauboi wawili nyuma yao wanapiga mluzi. Mwanangu alisimama dirishani na nguo zake za kulalia, hakusema neno, na huyo ni mtoto asiyenyamaza hata usingizini.

Baada ya chai tukaitwa zizini, jina moja moja, kila mtu na farasi wake wa wiki nzima. Mama watoto, aliyeandika kwamba hajawahi kumgusa farasi maishani, akapewa farasi maksai mmoja mzee anayesinzia amesimama. Mimi "wa kati" nikapewa jike la kahawia, masikio yanazunguka kama antena.

Sasa ndugu zangu, punda wa kwetu ukitaka aende unampiga visigino, unampiga tena, unamsema na mama yake, ndipo anaanza kulifikiria ombi lako. Nikampiga yule jike visigino viwili vya Kipangani. Yeye akaelewa kitu kingine kabisa. Alitoka shoti, akaipita foleni nzima, akampita kiongozi, kofia ikabaki nyuma, mimi navuta hatamu kwa mikono miwili kama navuta dau pwani. Kadiri nilivyoogopa ndivyo nilivyombana kwa miguu, na kumbe kubana miguu nako ni kumwambia aongeze. Kiongozi wetu, binti wa miaka ishirini na kitu, akaja ubavuni bila haraka yoyote, akainama, akamshika karibu na lijamu, jike likasimama.

Akaniuliza taratibu, "Bwana, mara ya mwisho ulipanda farasi lini?"

Nikamjibu, "Farasi?"

Mchana huohuo nikabadilishiwa. Hakuna aliyenicheka mbele yangu, lakini kuanzia hapo nilikuwa kundi la nyuma pamoja na babu mmoja wa miaka 70 daktari wa meno mstaafu. Mama watoto kufika Alhamisi alishapandishwa kundi la mbele.

Tuje kwenye pesa, maana najua ndiko macho yenu yalikokuwa. Watu wazima tulilipa dola 2,600 kila mmoja kwa wiki, binti 2,200, kijana 1,100. Jumla 8,500. Humo kuna nyumba ya magogo, milo mitatu kila siku, farasi na viongozi wao. Hamna kodi, na hamna bakshishi. Bakshishi ndiyo inayowatoa watu jasho siku ya mwisho: kawaida ni kati ya asilimia 15 na 20 ya bili, inagawanywa kwa wafanyakazi wote. Sisi asilimia 15 ilikuwa dola 1,275. Ongeza mafuta, buti, kulala njiani Rapid City kwenda na kurudi, tulipita dola 10,500. Kwa madafu ni milioni ishirini na sita hivi.

Ulizeni, nipo.

Mkongwa Halisi:

Mkuu nimesoma mpaka mwisho nikanywa maji. Milioni ishirini na sita ukachunge? Njoo Kongwa nikupe ng'ombe mia mbili, fimbo na kibuyu cha maji, uchunge mpaka Idi, nisikutoze hata senti. Nikikupenda nakuongezea maziwa.

Mwana Pangani:

😂😂 Mkongwa, unayosema ni kweli, na mama yangu alisema hivyohivyo kwenye simu, ila yeye aliongeza dua. Lakini kwako nitachunga kweli, sitarudi kukuta shuka zimetandikwa na keki mezani. Pale unalipia uchungaji usio na majukumu. Ng'ombe akipotea, si wako.

Bi Shela:

Kaka Mwana Pangani, umenichekesha mpaka machozi. Mimi ni wa Shela, Lamu, kwetu punda ndiye gari na ndiye lori, na nilipofika Colorado nilikuwa na kiburi kama chako. Sasa nipo Denver. Nilipokuwa mwanafunzi nilifanya kazi ranchi moja majira mawili ya kiangazi, kusafisha vyumba na kugawa chakula. Naomba niongezee ya upande wa jikoni, kwa sababu nimeona familia nyingi zikifika zimenuna tangu siku ya kwanza, na karibu zote zilikuwa zimekosea palepale: zilichagua kwa picha.

Picha zote zinafanana. Mlima, farasi, kofia, jua linatua. Lakini chini ya jina hilohilo kuna vitu vitatu tofauti. Kuna ranchi ya kazi hasa, ng'ombe ndio biashara, wageni ni wachache na wanafuata ratiba ya ng'ombe. Siku ya kuhamisha mifugo utakaa juu ya tandiko kwa muda wa saa sita na hakuna wa kukubembeleza. Kuna dude ranch yenyewe, ambako wageni ndio kazi: farasi asubuhi, farasi mchana, watoto wana walezi wao, jioni dansi na nyama ya moto. Halafu kuna hoteli ya kifahari iliyonunua farasi. Huko unapanda kwa muda wa saa moja tu, kwa foleni, pua ya farasi wako kwenye mkia wa mwenzio, unalipa zaidi, kisha unarudi kukandwa mgongo. Sisemi ni mbaya. Nasema usilipie moja ukitegemea nyingine.

Kwa hiyo usimalizane nao kwa mtandao. Piga simu. Uliza saa ngapi za kupanda kwa siku na kama zote zimo kwenye bei. Uliza kundi moja lina watu wangapi kwa kiongozi mmoja. Pale kwetu halikuzidi saba. Uliza kama aliyeiva anaruhusiwa kumkimbiza farasi au wiki nzima ni kutembea tu. Uliza watoto wanapanda na wazazi au kivyao, maana kuna familia zilizokuja ili ziwe pamoja, zikakutana mezani tu. Halafu sikiliza yule anayepokea. Akikuuliza wewe maswali mengi kuliko unayomuuliza yeye, hiyo ni dalili njema. Anayesema kila kitu kinawezekana, mwogope.

Na hilo la fomu, kaka, ungejua. Viongozi wa farasi hukaa Jumapili usiku na zile fomu wakipanga nani na farasi gani. Kuna msemo wao jikoni: "wa kati" maana yake alipanda mara mbili kwenye harusi.

Mwana Pangani:

Dada Bi Shela, ungekuja na huu ushauri Novemba ningekutumia halua.

Kibonge wa Temeke:

Mimi swali langu ni fupi ila mwili wangu si mfupi. Kilo 118. Kuna farasi wa kunibeba au nitakuwa mpiga picha wa familia?

Bi Shela:

Kaka, hili usilione haya, liulize kwanza kabla ya bei. Ranchi nyingi zina kikomo, mara nyingi pauni 225 mpaka 250, yaani kilo 102 mpaka 113. Wanahesabu na buti na nguo, na baadhi wana mizani palepale zizini. Si dharau, ni mgongo wa farasi: tandiko lao peke yake ni zito mno, na njia ni za kupanda mlima. Lakini kuna ranchi zinazofuga farasi wakubwa waliochanganywa na wale wa kuvuta mizigo, zinapokea hadi zaidi ya hapo. Sema uzito wa kweli. Nimemwona baba mmoja aliyejipunguzia kilo kumi na tano kwenye fomu, akabaki kibarazani anakunywa kahawa huku mkewe na wanawe wanaondoka.

Kibonge wa Temeke:

Nimekuelewa dada. Safari ni mwakani, kuanzia kesho naacha chipsi mayai.

Mkongwa Halisi:

Kibonge, kesho ipi?

Ummu Nasra:

Asalaam aleikum. Sisi tupo Toronto, asili Mombasa. Watoto wananisumbua na haya mambo ya makauboi. Wasiwasi wangu ni chakula. Hao si ndio watu wa nguruwe asubuhi na nguruwe jioni?

Mwana Pangani:

Waaleikum salaam, shangazi. Swali zuri na sisi lilitugusa. Nguruwe si asubuhi na jioni, ila anajificha. Yule wa asubuhi unamwona kwenye sahani, unampita. Mwenye hatari ni aliyemo kwenye maharage. Yale maharage yao matamu ya kwenye chungu cha chuma karibu kila mara yana vipande vyake, na mboga za majani pia hukaangwa kwa mafuta yake. Kupakua ni kila mtu kutoka bakuli moja la meza, kwa hiyo usipouliza hutajua.

Mke wangu alipiga simu mwezi mzima kabla, akaongea na mpishi mwenyewe, si mtu wa ofisini. Mpishi akasema leteni nyama yenu iliyogandishwa, nitawachomea kwenye sinia lake peke yake. Tukaenda na boksi la barafu kutoka kwa muuza nyama wetu wa Minneapolis. Usiku wa nyama choma yeye alikuwa na sinia dogo pembeni lenye jina letu limeandikwa kwa chaki. Mgeni mmoja alikuja kuomba aonje mishikaki ya mama watoto, na Ijumaa mpishi akaomba aandikiwe viungo. Pombe, ranchi nyingi hawauzi, anayetaka anakuja na yake. Kuswali hakukuwa na shida, kila mtu alidhani tumekwenda kupumzika kivulini.

Watoto wako wana miaka mingapi?

Ummu Nasra:

Wa kwanza 9, wa pili 6, wa mwisho 3.

Mwana Pangani:

Wa 9 ataenda njiani na farasi wake. Wa 6 yuko mpakani: nyingi zinaanzia miaka 6 au 7, uliza. Wa 3 atazungushwa zizini akiwa ameshikiliwa, na mchana atakuwa na walezi wanaomfundisha kulisha mbuzi. Kijana wangu wa 5 alizungushwa zizini dakika kumi kila asubuhi na mpaka leo anasimulia kana kwamba alivuka bara zima.

Kingine shangazi, viatu. Binti yangu alifika na raba nyeupe mpya, akazuiwa getini kwa zizi. Nilikasirika, nikadhani ni masharti ya kutaka tununue buti dukani kwao. Kumbe kisigino cha buti si urembo. Kinazuia mguu usipenye ndani ya kikuku, yaani kile cha kukanyagia kinachoning'inia kwenye tandiko. Ukianguka na mguu umepenya, farasi anakuburuta. Walikuwa na sanduku la buti za kuazima, akavaa zilizompwaya na soksi mbili. Nunueni mapema, wazivae nyumbani wiki mbili tatu, malengelenge yaishie sebuleni kwenu. Jinzi ndefu, tena chini yake vaeni taiti, maana mshono wa ndani wa jinzi ukisuguana na tandiko saa nne... basi, niishie hapo, tupo na watu wazima. Kofia iwe na kamba ya kidevuni. Na sweta, hata Julai. Tulikuwa juu kuliko geti la Marangu, mchana unaungua na usiku unatetemeka, na kimo hicho kinakausha koo. Siku ya kwanza kichwa kiliniuma mpaka binti wa farasi akaniambia ninywe maji kabla sijasikia kiu.

Dereva wa Ohio:

Nimekaa kimya nasoma. Naomba niulize lile ambalo wote tunalizunguka. Mtu mweusi, mwenye lafudhi, Wyoming. Mlipokelewaje?

Mwana Pangani:

Ahsante kwa kuliuliza wazi. Wyoming yote ina watu wasiofika laki sita, kwenye ardhi inayoizidi Uganda. Tulikuwa weusi pekee pale ranchini, na nadhani pekee katika ule mji tuliojaza mafuta. Kituo cha mafuta tuliangaliwa, si kwa ubaya niliouona, ni lile jicho la "hawa wametokea wapi". Ranchini tulikuwa watu kama watu kuanzia mlo wa kwanza, kwa sababu mkishakaa meza moja na wote mnatembea miguu imepinda kwa maumivu, hakuna tofauti tena. Mama mmoja wa New Jersey aliniuliza kama kwetu tunapanda pundamilia. Nikamwambia siku za kazi tu, Jumapili tunapumzisha. Akaamini kama nusu dakika hivi.

Sitakudanganya kwamba kila mtu atakuta hivyo. Mimi nasema niliyoyaona.

Dereva wa Ohio:

Sawa mkuu. Mimi nina sababu ya kuuliza. Naendesha lori mpaka Texas, na kule nilijifunza jambo ambalo sinema zilitunyima. Baada ya vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe, makauboi weusi walikuwa wengi. Makadirio yanayotajwa sana ni mmoja kati ya wanne. Watu waliotoka utumwani wakijua ng'ombe na farasi. Ule mchezo wa rodeo, yaani mashindano ya makauboi, wa kumrukia fahali kutoka juu ya farasi na kumwangusha kwa pembe, aliyeupa umaarufu ni Bill Pickett, mtu mweusi wa Texas. Kwa hiyo ukivaa ile kofia usijione umeazima cha watu.

Na kwa wasio na pesa za Wyoming, tazameni Bandera, Texas, karibu na San Antonio. Mji wenyewe unajiita mji mkuu wa makauboi duniani. Ranchi nyingi huko hazikulazimishi wiki, unalala siku mbili tatu unaondoka. Ila usiende Agosti, utaiva. Arizona vilevile, msimu wao ni Oktoba mpaka Mei. Milimani huko kaskazini ni kinyume, Juni mpaka Septemba.

Bi Shela:

Kaka Dereva kasema kweli. Naongeza: Julai na Agosti za Wyoming na Montana hujaa mwaka mzima kabla, na waliokuja mwaka huu hupewa nafasi ya kwanza ya mwakani. Kama huna mtoto wa shule, nenda Septemba. Bei hushuka, miti inageuka dhahabu, na ranchi nyingi hutenga wiki za watu wazima peke yao. Juni mwanzoni ni rahisi pia lakini tope, na juu bado kuna theluji.

Mtakaokwenda upande wa Cody na Yellowstone, huko kuna dubu wakubwa wa grizzly. Msiogope, wenyeji wana taratibu zao, lakini ile dawa ya kupulizia dubu usiibebe kwenye ndege, hata kwenye begi la chini hairuhusiwi. Nunua ukifika.

Mkongwa Halisi:

Ngoja niache utani kidogo, maana uzi umenoga. Hii biashara ilianzaje? Mtu mwenye ng'ombe wake alikaa siku moja akasema nitawatoza watu wa mjini walale zizini?

Dereva wa Ohio:

Karibu hivyohivyo. Wanaotajwa kuwa wa kwanza ni ndugu watatu wa ukoo wa Eaton, walikuwa na ranchi karibu na Medora, huko Dakota. Marafiki wa mashariki wakawa wanakuja kuwinda na kupanda farasi, wanakaa wiki, wanakaa miezi, wanakula tu. Mwaka 1882 mmoja wao akaona aibu, akaomba alipie chakula na malazi. Basi ikawa. Theodore Roosevelt, aliyekuja kuwa rais, alikuwa jirani yao hukohuko. Kisha baridi ya 1886 kuamkia 1887 ikaua ng'ombe wengi mno kwenye nyanda zile, na wenye ranchi wakajifunza kwamba mgeni anayelipa hafi kwa theluji. Mwaka 1904 akina Eaton wakahamia Wolf, Wyoming, kwenye hiyohiyo milima ya Bighorn ya mleta uzi, na ranchi ipo mpaka leo. Chama chao cha wenye ranchi za wageni kilianzishwa 1926 kwa msaada wa kampuni ya reli, maana reli ilitaka abiria.

Mkongwa Halisi:

"Mgeni anayelipa hafi kwa theluji." Hii naiandika ukutani.

Sasa nisikilizeni. Kwetu Kongwa Waingereza walileta ule mradi wa karanga mwaka 1947, ukafa baada ya miaka michache, ardhi ikaishia kuwa ranchi. Leo ni ranchi ya taifa, chini ya NARCO, kampuni ya ranchi za taifa. Nyanda zipo, ng'ombe wapo, jua linatua kuliko la kwenye picha zenu. Kwa nini sharobaro wa Masaki asilipe laki tatu aje achunge siku mbili, alale kwenye hema, ale nyama na ugali, aimbiwe na Wagogo? Wagogo wanaimba, hilo hamna wa kubisha.

Bi Shela:

Wazo tamu. Lakini farasi utatoa wapi? Ukanda wetu mwingi una mbung'o, na kuna yale maradhi ya farasi ya Afrika yanayoenezwa na visubi, farasi asiyechanjwa hachukui muda. Ndiyo maana mababu zetu walibaki na punda. Wanaofanikiwa wapo nyanda za juu: Laikipia huko Kenya kuna safari za farasi katikati ya wanyama, na chini ya Kilimanjaro pia zipo. Bei si ya mchezo.

Mkongwa Halisi:

Nani kasema farasi? Nitatumia punda. Mwana Pangani ndiye atakuwa mkufunzi, "wa kati".

Mwana Pangani:

😂 Mnanikosea heshima kwenye uzi wangu mwenyewe.

Msomi wa Udom:

Wakuu, mimi nipo Dodoma, nimedunduliza. Naweza kulipia ranchi nikapata viza kwa sababu nina nafasi iliyolipiwa?

Bi Shela:

Mdogo wangu, hapana. Risiti ya ranchi haimshawishi ofisa wa ubalozi, yeye anataka kujua kama utarudi. Hakikisha kwanza kama viza ya matembezi inatolewa kwa Watanzania kwa sasa, iombe, ipate, ndipo ulipe. Malipo ya awali kwenye ranchi nyingi ni sehemu kubwa ya bei na hayarudi. Nimeona watu wameyapoteza kwa kutanguliza. Na ukisikia mtu anakwambia nenda kama mtalii halafu ukafanye kazi za zizi upate riziki, mkimbie. Kazi ina viza yake. Mimi nilikuwa mwanafunzi mwenye kibali.

Msomi wa Udom:

Nashukuru dada yangu. Kwa hiyo nianze na Kongwa.

Mkongwa Halisi:

Mteja wa kwanza huyo! Lete malipo ya awali, hayarudi.

Ummu Nasra:

Mwana Pangani, tumepiga simu jana ranchi mbili. Ya kwanza aliyepokea alisema kila kitu ndiyo ndiyo, hata hakuuliza umri wa watoto. Ya pili mama mmoja alinihoji dakika arobaini, uzito wangu, magoti yangu, kama wa 3 analala mchana, nguruwe tu au na gelatini pia. Tumechukua ya pili, Montana, wiki ya mwisho ya Juni. Bi Shela, Mungu akuzidishie.

Swali la mwisho: ile karatasi ya kusaini kwamba mtu akiumia asiwashtaki, mlisaini?

Mwana Pangani:

Tulisaini shangazi, kila ranchi utaikuta. Isome, hakikisha bima yako ya afya inafanya kazi nje ya Kanada, na uwe na bima ya safari, maana hospitali kutoka pale kwetu ilikuwa mwendo wa saa nzima na simu haikuwa na mtandao mpaka ufike barabara kuu. Hilo la simu waambie watoto mapema. Wangu waliomboleza siku moja. Siku ya pili binti alikuwa zizini kabla ya chai, anachana mkia wa farasi wake kwa kitana chake mwenyewe cha nywele.

Kibonge wa Temeke:

Mleta uzi, mwisho wa yote, mtarudi?

Mwana Pangani:

Tumeshalipia Septemba ya mwakani, watoto watabaki na shangazi yao. Fomu zimekuja juzi. Safari hii mama watoto amezijaza mwenyewe, zote, mimi sikupewa kalamu. Nimechungulia. Kwenye uzoefu wangu ameandika: "Punda. Tena zamani."